Mwanamke wa Kolo na Wanaomsemea

Msomaji mwema, ikiwa wewe ni mkaazi wa Kigamboni, au una jamaa huko unaokwenda kuwazuru, basi Feri unaijua. Unalijua pantoni linavyojaa hata pasibaki pa kuweka mguu, na unazijua sauti za madalali wa soko la samaki wanaonadi changu na kolekole asubuhi kabla jua halijawa kali. Walakin wengi wetu tukishuka pale hukazana kuelekea Posta au Kariakoo, tusikumbuke kwamba mwendo mfupi tu kwa miguu, katika Barabara ya Shaaban Robert, ipo Makumbusho ya Taifa, nyumba iliyofunguliwa mwaka 1940. Mimi mwenyewe nimelipita lango lile kwa miaka mingi nikidhani ni mahali pa wageni na watoto wa shule. Humo ndimo lilimohifadhiwa lile fuvu mashuhuri aliloliokota Bibi Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959. Lakini makala haya si ya fuvu. Ni ya kitabu cha bibi huyo huyo, na khasa ni ya picha moja iliyomo, na ya watu waliojitwika kazi ya kuieleza.

Kitabu chenyewe kilitoka mwaka 1983. Jina lake, tukilileta katika lugha yetu, ni kama kusema "Sanaa ya Afrika Inayotoweka", nacho kinahusu michoro ya miambani ya Tanzania. Nilikipata kwa jirani yangu wa Kariakoo, mzee wa Kirangi, mwenyeji wa Kondoa, ambaye mwanawe alikinunua kwa wauza vitabu vikuukuu wa kando ya barabara. Mzee hasomi Kiingereza, ila hukifungua kitabu hicho kila baada ya siku chache, akatazama picha za kwao.

Kwa asiyejua, habari ni hii. Katika wilaya ya Kondoa, kaskazini ya mji wenyewe, upande wa majabali yanayoshuka kuelekea Bonde la Ufa, yako mapango mengi. Si mapango ya kuingia ndani kama ya Amboni kule Tanga, bali ni miamba iliyoinama mithili ya paa la baraza. Chini ya miamba hiyo, watu wa kale walichora. Kuna twiga, tembo, pofu na swala. Kuna watu wembamba warefu wenye nywele zilizosukwa kwa namna za ajabu. Kuna wanaopiga ala za muziki. Michoro ya zamani zaidi aghalabu ni myekundu, ya udongo wa ngeu, ile ile ngeu ambayo mafundi seremala wetu walikuwa wakiitumia kupigia mstari kwenye mbao. Juu ya hiyo ipo michoro mingine myeupe, minene, iliyopakwa kwa vidole, nayo husemwa kuwa ni ya watu waliokuja baadaye, wakulima. Mwaka 2006 mahali hapo paliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Ni eneo la zaidi ya kilomita za mraba 2,300, na hesabu ya mapango yenye michoro hukisiwa baina ya 150 na 450. Hata idadi yake, kama uonavyo, bado haijashikika.

Bibi Leakey na mumewe walikwenda huko mwaka 1951. Walikaa miezi mitatu katika sehemu za Kolo, Kisese na Cheke, wakaandika habari za mahali 186, na bibi akanakili karibu picha 1,600. Namna yake ya kunakili yafaa kusimuliwa. Alibandika karatasi angavu juu ya mwamba, akafuatisha kila mstari uliosalia, kisha akaurudia mchoro ule kwenye karatasi nyingine na kuupaka rangi. Hii ni kazi ya subira kubwa. Mtu anayefanya hivyo kutwa kucha hulazimika kutazama ukingo wa kila kidole na kila unywele, wala hapati nafasi ya kujitungia. Kwa jambo hili sina ila sifa kwake. Picha nyingine huenda leo hazionekani tena pale mwambani kama alivyoziona yeye, na lau si mkono wake zingekuwa zimetoweka kabisa kama jina la kitabu linavyohofu.

Sasa njoo kwenye picha yenyewe. Iko Kolo. Wamechorwa watu watano. Wa katikati ni mwanamke. Kila upande wake wamesimama wawili, na mikono inashikana kwa namna ambayo yeye ndiye anayeshikwa. Wawili wa upande mmoja vichwa vyao si vichwa vya kawaida. Ni kana kwamba wamevaa vinyago. Basi. Hakuna nyumba, hakuna mti, hakuna silaha iliyoinuliwa, hakuna uso wenye macho tukapata kujua kama mtu analia ama anacheka.

Siku ile mzee aliponionyesha, tulikuwa barazani kwake baada ya sala ya Maghrib, nasi tukaizungusha picha mkono kwa mkono. Muuza kahawa aliyekuwa akipita akasema ni harusi, bibi harusi anapelekwa kwa mume. Kijana mmoja akasema wanacheza. Mama watoto wangu, nilipompelekea nyumbani aone, akasema bila kusita kwamba huyo ana pepo na wenziwe wanamshika asianguke. Mzee mwenyewe akasema tu: "Hao ni watu wa kale," akanyamaza.

Bibi Leakey alisema jambo jingine. Yeye aliona utekaji. Aliona wanaume waliovaa vinyago wakijaribu kumburura mwanamke, na wenziwe wa upande wa pili wakimvuta asichukuliwe. Na kwa kuwa yeye ndiye aliyeifanya picha ijulikane ulimwenguni, jina hilo likashika. Hata leo mtu akiitaja picha hiyo huiita picha ya kutekwa mwanamke.

Hapa ndipo hoja yangu na bibi huyu inapoanzia. Mkono wake ulinakili kwa uaminifu. Lakini jina halikutoka mwambani, limetoka kwake. Na jina, msomaji wangu, lina nguvu kupita mstari. Jaribu mwenyewe: mwonyeshe mtu picha hiyo umwambie kwanza "hawa wanamteka", kisha umuulize anaona nini. Ataona meno. Atakuonyesha na mahali ambapo mwanamke anajitetea. Jina limekwisha mwingia machoni.

Baada yake walikuja wengine wakasema kakosea. Mkubwa wao ni David Lewis-Williams wa Afrika ya Kusini. Yeye alisoma habari walizoziandika Wilhelm Bleek na Lucy Lloyd kule Cape Town katika miaka ya 1870, kutoka vinywani mwa Wasan, na kutokana na hizo akapata kufahamu mengi ya michoro ya miambani ya kusini: kwamba mingi si picha za mawindo wala za maisha ya kila siku, bali ni mambo anayoyaona mganga anapopandisha, anapokuwa nusu huku na nusu kule. Kisha akaleta ufunguo huo Tanzania, akasema huenda ukafungua na mlango wa Kondoa. Kwa usomaji huu, mwanamke wa Kolo hatekwi. Yumo katika ngoma ya uganga. Amezidiwa, na wenziwe wanamshikilia. Yaani msomi huyo, kwa njia ndefu sana, amefika pale pale alipofika mama watoto wangu kwa kutazama mara moja.

Usidhani nasema hivi kwa mzaha. Ushahidi upo. Mtafiti Eric Ten Raa aliishi na Wasandawe, ambao nchi yao iko upande wa Kwa Mtoro, si mbali sana na Kondoa, na mwaka 1971 alichapisha maandishi yaliyoonyesha kwamba uchoraji wa miambani kwao haukuwa jambo lililokufa zamani. Aliieleza pia ngoma yao iitwayo simbo, ambamo wachezaji hujigeuza simba ili wapambane na wachawi. Mtu aliyegeuka simba kichwa chake atakichoraje mchoraji? Swali hilo si dogo. Mimi naliona lina uzito kuliko utekaji wa Bibi Leakey, kwa sababu limetoka katika maisha ya watu wa karibu na mahali penyewe, halikutoka katika fikra za mgeni.

Lakini ufunguo wa kusini wenyewe naushuku. Toka Kondoa hadi rasi ya kusini ya Afrika ni maelfu ya kilomita. Husemwa kwamba Wasandawe na Wasan ni ndugu kwa kuwa wote husemeza ulimi kwa vidoko. Lakini wenye elimu ya lugha hawajaafikiana juu ya udugu huo mpaka leo. Na hata Wasandawe, nchi ya Kolo si yao leo. Ni ya Warangi. Huenda wazee wa Wasandawe walikaa Kolo, na wengi husema hivyo. Huenda. Daraja lililojengwa kwa "huenda" tatu, mimi sipeleki mizigo yangu juu yake.

Alikuja na mwingine, Imogene Lim, aliyefanya utafiti wake kwa Wasandawe na kuukamilisha mwaka 1992. Yeye alisema tusiitazame picha tu, tupatazame na mahali: kwa nini jabali hili limechorwa tena na tena, na jabali lile la pili, zuri kama hili, likaachwa? Hili kwangu ni swali la mtu mwenye adabu. Halimlazimishi mwanamke aseme neno ambalo hakulisema. Naye Profesa Fidelis Masao wa kwetu, katika kazi yake ya mwaka 1979, alifuata njia ya kufukua udongo chini ya mapango ili michoro isomwe pamoja na mawe na vyombo vya watu wale. Hata hivyo udongo nao una mipaka. Kule Kisese vipande vya ngeu vimeonekana katika tabaka za chini sana, za makumi ya maelfu ya miaka, na wako wanaorukia kusema kwamba picha zina umri huo. Ngeu yaweza kupakwa mwilini, yaweza kupakwa ngozi ya mnyama. Rangi iliyo chini ya ardhi si ushahidi wa picha iliyo ukutani.

Niruhusu hapa nikwambie kwa nini jambo hili limenikaa rohoni, maana utajiuliza mtu wa Kariakoo ana nini na mwanamke wa Kolo.

Ilikuwa mwaka 2020, miezi ile watu walipokuwa wakivaa barakoa. Nilikuwa nikivuka kuja Feri asubuhi. Ndani ya pantoni nikamwona mwanamke, mtandio umemteleza, na wanaume wawili wamemshika mikono, mmoja huku na mmoja huku, nyuso zao zimefunikwa na barakoa. Mwanamke alikuwa kama anajikunja, nao wanamwinua. Nilimwona akitikisa kichwa. Tulipofika ng'ambo walimtoa haraka wakampakia kwenye bajaji. Sikuuliza. Sikusogea. Lakini jioni nyumbani nilisimulia, tena kwa maneno ya yakini, kwamba nimeona mwanamke amekimbia kwa mume na nduguze wanamrudisha kwa nguvu. Nilimtaja mmoja wa wale wanaume, maana juu ya barakoa nilimtambua: ni mchuuzi wa samaki pale pale Feri, nami ni mteja wake.

Maneno yangu hayakulala nyumbani. Kabla ya Ijumaa yalikuwa yamevuka maji kunitangulia. Yalipofika kwa wenyewe yalikuwa yamekwisha ota mbawa: mume anampiga, mama mkwe anamtesa, na ndugu wamekula mahari. Na kumbe mwanamke yule alikuwa mgonjwa, ugonjwa mzito, wanampeleka hospitali; wale wawili ni mumewe na kaka yake, na lile tikiso la kichwa ni maumivu. Aliyasikia maneno hayo akiwa kitandani. Kaka yake alifuatilia mpaka akajua yametokea wapi, akanijia mlangoni. Hakupiga kelele. Alisema: "Sheikh, wewe uliona mikono yetu. Mengine uliyapata wapi?"

Nilikwenda kuwaomba radhi, yeye na mgonjwa, nao wakanisamehe, Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini tangu siku hiyo, nikiona picha ya mwanamke ameshikwa mikono na mtu ananiambia anajua kwa nini ameshikwa, mwili hunisisimka.

Turudi Kondoa, maana wasomi wa vitabu si wasomaji pekee wa majabali yale. Wako wengine wanaosoma kwa sururu. Mwaka 1916, katika vita vya kwanza vya dunia, Wajerumani na majeshi ya Waingereza kutoka Afrika ya Kusini walipigana Kondoa, na tangu hapo imebaki imani kwamba Wajerumani walipoondoka walizika dhahabu mapangoni, na kwamba alama za miambani ni ramani ya kuifikia. Basi katika pango kuu la Mungomi wa Kolo limechimbwa shimo na watu wa namna hiyo. Wanachora bahati yao juu ya picha za watu waliokufa kabla Mjerumani hajaijua njia ya kuja Afrika! Wala mchezo huu si mpya. Mwanachuoni Abdul-Latif al-Baghdadi, aliyekaa Misri mwisho wa karne ya kumi na mbili Miladi, aliandika kwa uchungu juu ya watafuta hazina waliokuwa wakitoboa majengo ya Mafirauni, kila mwenye shida akidhani kila ufa wa jiwe ni mlango wa dhahabu. Alieleza pia jinsi al-Malik al-Aziz, mwana wa Salahuddin, alivyoshawishiwa kuibomoa piramidi ndogo ya Giza. Watu wakafanya kazi miezi minane, wakachoka, wakaondoka wameacha kovu tu, nalo lingali linaonekana. Mwanachuoni huyo alikuwa Mwislamu safi, wala hakuona kwamba kuyahifadhi mabaki ya watu wa kale kunampunguzia imani yake.

Nalitaja hili kwa makusudi, kwa kuwa najua swali lililoko moyoni mwa baadhi ya wasomaji. Mungomi wa Kolo bado huendewa kwa tambiko. Mtafiti wa Kitanzania Emmanuel Bwasiri ameandika habari zake: wako Warangi wanaokwenda pale kuomba mvua na uzima, huchinja mnyama, hunyunyiza pombe, na pombe hiyo na mafuta huigusa michoro. Na Warangi wengi ni Waislamu, ndugu zetu, waliopata dini hii kwa njia ile ile ya misafara iliyowaleta watu wa pwani Kondoa Irangi. Je, tuseme nini? Mimi nasema mambo mawili, wala sioni kuwa yanagongana. Mwenye kutaka mvua anayo sala ya kuomba mvua, uwanjani, chini ya mbingu, na mzee jirani yangu hunambia kwamba kwao nayo husaliwa. Hilo la kwanza. La pili, kukataa tambiko si ruhusa ya kwenda na brashi na chokaa kufuta kazi ya mikono ya watu ambao hatujui walikusudia nini. Tumekwisha ona kwamba hata wajuzi hawajui kama ile picha ni ya ibada, ya ngoma, ya harusi au ya ugomvi. Utaifutaje kwa kosa ambalo hujalithibitisha? Bara Arabu yenyewe ina majabali yenye michoro ya kale kule Jubbah na Shuwaymis, katika nchi ya Hail, yaliyotiwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2015, na hayakufutwa.

Upande wa Serikali nao haukukosa makosa. Zamani baadhi ya mapango yalizungushiwa nyavu za waya, na wenyeji wakaziondoa, maana aliyeziweka hakuwauliza wanaopaendea mahali hapo. Hili nalipita upesi, lina watu wake wa kulisemea.

Nirudi kwenye maana. Yako maandishi ya jiwe ambayo hayana fumbo. Karibu na al-Ula, katika njia ya zamani ya Hija, mtu mmoja aitwaye Zuhayr alichonga jabalini jina lake, akaeleza kwamba aliandika wakati alipofariki Sayyidna Umar, akaweka na mwaka, wa 24 Hijria. Maneno machache tu, na baada ya karne kumi na tatu na zaidi hakuna anayegombana juu ya alichotaka kusema. Na hapa kwetu, katika msikiti wa Kizimkazi Dimbani, Unguja, jiwe la khati ya Kufi linatupa mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladi. Mwandishi alitaka tujue, akatuachia neno. Maandishi ya Mafirauni nayo yalikaa fumbo, watu wakiyakisia kwa karne nyingi, mpaka lilipookotwa jiwe la Rashid mwaka 1799, lenye maneno yale yale kwa Kiyunani, na Champollion akayafungua mwaka 1822. Kolo haina jiwe la Rashid. Mchoraji hakutuachia neno, na labda hakutuchorea sisi.

Iko michongo mingine ambayo husomeka bila herufi, ila kwa sababu mchezo wake ungali hai. Kule Hyrax Hill, karibu na Nakuru, Kenya, ambako Bibi Leakey huyo huyo alifukua mwaka 1937 na 1938, kuna vishimo vilivyochongwa mwambani kwa safu. Mtu wa pwani akiviona hahitaji mtaalamu. Mkono wenyewe unataka kete. Huko ni kusoma kwa mazoea, si kwa dhana. Lakini mazoea nayo yana hila, kwani pwani sisi wenyewe tumeanza kujisomea vibaya. Nenda Mji Mkongwe, usimame mbele ya mlango wa nakshi pamoja na waongoza watalii, uwasikie: samaki ni riziki, ua ni uzazi, na mnyororo uliozunguka kizingiti ni alama kwamba mwenye nyumba alikuwa na watumwa. Ukimuuliza amelipata wapi, atakwambia aliambiwa na aliyemfundisha kazi. Fundi mchonga nakshi ukimuuliza mnyororo ni nini, yawezekana akakwambia ni pindo, kama pindo la kanga, mlango bila pindo haupendezi. Sisemi fundi ndiye mkweli. Nasema tu kwamba mgeni analipa, na anayelipa hataki kuambiwa "haijulikani".

Na hiyo nadhani ndiyo shida hata ya vitabu vikubwa. Kitabu chenye picha nzuri na maneno "haijulikani" chini ya kila moja hakinunuliki. Bibi Leakey, kwa insafu, alikuwa mchache wa maneno kuliko waliomfuata. Kurasa nyingi ameziachia picha zenyewe. Ndiyo maana namtaka aulizwe hapo alipolegea. Lau angaliandika "watu watano, wa kati ni mwanamke, ameshikwa mikono", angalituachia kila kitu alichokiona na asingalitupunguzia chochote.

Mtu akitaka kwenda, Kolo iko kando ya barabara kuu ya kutoka Kondoa kwenda Babati, na iko ofisi ya Mambo ya Kale kijijini. Huko hupatikana mtu wa kukupeleka. Kupanda ni kwa mawe, vaa viatu. Usiguse michoro kwa mkono, wala usimwage maji juu ya mwamba ili rangi ing'ae upige picha. Maji hayo huiua rangi polepole.

Juzi nilikichukua kile kitabu mpaka Feri. Nilimkuta yule kaka akipaa samaki. Dada yake, alhamdulillahi, yu hai na anauguzwa. Nilimfungulia ukurasa. Hakukipokea kitabu, mikono yake ilikuwa na magamba, nikamshikia. Akatazama kitambo.

"Huyu wa katikati ni nani?"

"Hajulikani."

"Na hawa?"

"Nao hawajulikani."

"Picha inaitwaje?"

Nikamwambia. Akanitazama mimi, akaitazama tena picha, kisha akamgeukia mteja aliyekuwa akingojea vibua vyake.